Saa Kumi na Saba kutoka Kalgari

Changawa Nguma hajawahi kupanda ndege maishani mwake. Kwa miaka ishirini na sita alipakia mizigo ya watu pale uwanja wa ndege, akaingia matumboni mwa ndege akiwa amejikunja, akatoka amelowa jasho na mgongo ukimuuma. Kuketi kwenye kiti akafungwa mkanda na kuulizwa atakunywa nini, hilo halikumfikia. Wala halikumzuia kuwa mwalimu wa safari za angani kwa mtaa mzima wa Magongo. Msichana aliyepata kazi Doha alikuja kwake kabla hajaenda kuaga kanisani. Mtu aliyempeleka mzazi wake Hija alipita kwake kuuliza kama mzazi ameshatua.

Mzee alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo haukuharakishwa. Kwanza miwani. Kisha simu, aifute kwenye shati. Kisha afungue ukurasa mmoja wa mtandao alioonyeshwa na mwanawe, unaandika jina la mji huu na jina la mji ule, nao unakupa umbali na muda wa kuruka. "Mombasa na Jedda," alikuwa akisema kwa sauti ya hakimu, "kilomita elfu mbili mia nane na thelathini na nane. Saa tatu na nusu na ushei." Watu wakatikisa vichwa na kumshukuru. Chini ya tarakimu hizo palikuwa na mstari mdogo wa Kiingereza uliosema kwamba hesabu hiyo ni ya njia iliyonyooka, kana kwamba ndege imeondoka mji huu ikatua mji ule bila kugusa popote. Changawa aliusoma mstari huo siku ya kwanza, akauelewa, akauacha ulale. Mtu aliyekuja kwako na swali hataki kuambiwa kwamba inategemea, na mtu anayeitwa mjuzi hapendi kulisema neno hilo.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Kache, mjane aliyepika mahamri na mbaazi za nazi akawalisha asubuhi makuli na makarani wa Changamwe kwa miaka mingi. Kwa mahamri hayo alimsomesha mtoto wake wa pekee, Purity. Miaka sita iliyopita Purity alipata kazi ya kutunza wazee huko Kalgari, nchi ya Kanada, na Changawa ndiye aliyempimia begi kwa mizani ya mkono, akamtolea nguo mbili zilizozidisha uzito, akamsindikiza hadi mlangoni. Tangu siku hiyo binti hakurudi. Makaratasi yake yalikuwa hayajakamilika, akaambiwa akitoka huenda asiruhusiwe kuingia tena.

Kache alipenda kuuliza ni mbali kiasi gani. Alijua jibu, ila kulisikia kulimleta mtoto karibu. Kilomita elfu kumi na nne mia mbili na arobaini na mbili, Changawa alimwambia. Hiyo ni kwenda Malindi mara ngapi? Mara mia moja na kumi na nane. Kache akacheka hadi akajifuta machozi kwa leso, akasema basi afadhali mtoto angeolewa Malindi.

Mwezi wa Aprili, siku ya Jumatatu, presha ilimwangusha Kache jikoni na hakuamka tena. Makaratasi ya Purity yalikuwa yametoka mwezi mmoja kabla. Alikuwa amepanga kuja Desemba amshtukize mamake.

Jumanne jamaa wakakutana uani kwa marehemu. Aliyekuwa na usemi ni Absalom, kaka mkubwa wa mumewe Kache, mzee mkulima wa Mwakirunge, kule ndani ya Kisauni ambako ndiko nyumbani kwao na ndiko Kache angezikwa kando ya mumewe. Absalom ni mtu wa maneno machache na hasemi mpaka ameyapanga. Purity alikuwa amepata tiketi, ataondoka Kalgari Alhamisi saa kumi na mbili jioni kwa saa za huko. Mzee alimgeukia Changawa mbele ya watu wote.

"Changawa, mambo haya wewe ndiwe uyajuaye. Mtoto akiondoka huko Alhamisi jioni, hapa atafika lini? Mimi nataka jambo moja tu, amwone mamake kabla hatujamfunika. Yuko peke yake, hana ndugu wa kumsimulia."

Changawa akavaa miwani. Akafuta simu. Akahesabu kwa sauti ili wote wafuate: Alhamisi jioni ya kule ni Ijumaa saa tisa za alfajiri hapa kwetu, ndege inaruka saa kumi na saba, kwa hiyo Ijumaa saa mbili usiku Purity atakuwa nje ya uwanja wa ndege na yeye Changawa atakuwa amesimama pale kumpokea. Watu wakaguna kwa kuridhika. Absalom hakuguna. Aliuliza kama si afadhali waweke Jumatatu, maana huko mochari hakuna aliyewafukuza na mwenye haraka hayupo. Kaviha, mkewe Changawa, alisema taratibu kwamba alimsikia Purity akitaja kubadilisha ndege mahali.

"Miaka ishirini na sita, Kaviha," Changawa alimjibu, na maneno yakaishia hapo. Mazishi yakapangwa Jumamosi, saa nne asubuhi.

Sasa hebu tusimwonee. Alikosea hesabu, na kukosea hesabu si dhambi. Lakini mtu huyu alishika kwa mikono yake vibandiko vya mizigo maelfu kwa maelfu, vile vya karatasi ngumu vinavyofungwa kwenye mpini wa begi, vimeandikwa miji mitatu au minne, mmoja juu ya mwingine. Hakuna mtu Magongo nzima aliyejua kuliko yeye kwamba begi la kutoka mbali halifiki bila kulala njiani. Alilijua hilo akiwa ameketi pale uani na miwani yake puani. Alitaka tu kutaja saa moja, iliyo kamili, watu wainuke wakiitegemea.

Ijumaa saa moja na nusu usiku alikuwa akifunga kamba za viatu aende uwanjani simu ilipolia. Alikuwa Purity, na nyuma yake ikisikika sauti ya tangazo kwa lugha asiyoijua. Alisema yuko Frankfurt, Ujerumani. Alikuwa amekaa Toronto karibu saa tano akingoja, na hapa angepanda ndege nyingine usiku huu, atue Nairobi asubuhi. Ndege za asubuhi za kuja Mombasa zilikuwa zimejaa, kiti cha kwanza alichopata ni cha saa saba mchana.

"Nitakuwa Mombasa saa nane, Baba Changawa. Baba Mkubwa simpati, simu yake ile ndogo haipokei kwa mtandao. Mwambie waningoje. Ni saa chache tu."

"Usijali, mwanangu. Nitawaambia."

Akakata simu, akaketi na kiatu kimoja mguuni. Alitafuta jina la Absalom kwenye simu, akalipata, akalitazama. Angemwambia nini? Kwamba ile hesabu aliyoisoma kwa sauti ya hakimu ilikuwa ya ndege isiyokuwepo duniani? Wanawake wa kanisa waliokwisha kununua mchele, vijana waliokwisha kuchimba kaburi, wote wangejua kabla ya asubuhi kwamba Changawa wa uwanja wa ndege hajui kitu. Uso ulimwaka moto akiwa peke yake chumbani.

Ndipo akajipatia njia ya kujituliza, na njia hiyo ni ya kwetu kabisa. Nani Pwani hii aliwahi kuzika saa nne kwa sababu karatasi imesema saa nne? Viti huchelewa. Gari la mwili hukwama. Kuna salamu za kanisa, salamu za chama, salamu za majirani, na yule mjomba ambaye hakualikwa kusema lakini atasema. Mazishi ya mwisho aliyohudhuria Mwakirunge yaliandikwa saa nne na jeneza likashuka saa kumi kasorobo. Purity akitua saa nane, saa tisa na nusu atakuwa pale, na huenda akaketi angoje. Hakukuwa na haja ya kumsumbua mtu. Saa tatu Absalom alipiga mwenyewe kuuliza kama mtoto amefika. Changawa alisema ndege imechelewa kidogo, asubuhi watamwona. Kaviha alimtazama mumewe kutoka mlangoni, Changawa akamwambia akalale.

Asubuhi ile Pwani nzima ilikuwa imeamua kushika wakati. Viti vilikuwa vimeletwa tangu jana na kupangwa mistari. Gari la mwili liliingia saa tatu bila hata kupotea njia. Mchungaji alifika nusu saa baadaye, kijana mwenye joho lililopigwa pasi, akaeleza kwamba ana mazishi mengine Ziwa la Ng'ombe saa saba, na akaonyesha mawingu meusi yaliyokuwa yakipanda upande wa bahari. Changawa alijisogeza nyuma ya hema. Kila jambo alilolitegemea lichelewe lilikuwa limewahi.

Absalom alimfuata pale alipojificha. Aliuliza mtoto yuko wapi. Yuko Nairobi, Changawa alisema, na hilo lilikuwa kweli. Ni muda gani mpaka afike hapa? Si muda, alisema, na hilo halikuwa kweli. Mzee aliwafanya watu wangoje nusu saa zaidi, wakaimba nyimbo mbili ambazo hazikuwa kwenye ratiba. Upepo ukaanza kuvuta kitambaa cha hema. Absalom akarudi mara ya pili, amevua kofia.

"Niambie wewe. Nikimwambia mchungaji aende zake, nitamwambia. Mwili tutauweka ndani mpaka jioni, au kesho, mimi sioni taabu. Tungoje?"

Neno moja tu ndilo lililohitajika. Angesema ndiyo, ni saa tano zaidi, nilijua tangu jana, na yote yangenyooka kwa aibu ya siku moja. Changawa alifungua kinywa. Aliwaona Kaviha na wanawake wa kanisa wakimtazama.

"Mchungaji aanze tu," alisema. "Mahubiri ni marefu. Atatukuta."

Mchungaji alihubiri dakika kumi na moja.

Jeneza likafunguliwa watu waage. Absalom alikuwa amekataza simu, hakutaka uso wa shemeji yake uzunguke mitandaoni, kwa hiyo watu walipita kwa mstari, mikono mitupu, kila mmoja akisimama kidogo. Zamu ya Changawa ilipofika aliinamisha kichwa. Aliona ubao, aliona misumari minne ya rangi ya dhahabu, akapita. Walipofika kaburini Absalom alitupa udongo wa kwanza, kisha akaita aje mtoto, kwa mazoea ya ulimi. Badala yake akamwita Changawa. Alisema huyu ndiye aliyezungumza na mtoto mara ya mwisho, basi na amtupie. Changawa aliinama, akachota, akatupa. Saa sita kasorobo kaburi lilikuwa limejaa na mvua ikaanza.

Wakati wa chakula simu ilitetema mfukoni. Purity alikuwa ameandika kwamba anaingia ndegeni sasa, je, wanamngoja? Sahani ya pilau ilikuwa magotini mwa Changawa, haijaguswa. Aliandika neno moja, "Njoo," akaondoka bila kumuaga mtu.

Alimpokea saa nane na robo kwenye mlango uleule aliompitishia miaka sita nyuma. Binti alikuwa amenenepa kidogo na macho yamevimba. Alipiga goti katikati ya watu wenye mabegi.

"Shikamoo, Baba Changawa."

Marahaba ilimtoka kwa shida. Aliuliza kama wameanza. Changawa alisema twende tu, mvua inaweza kuziba barabara. Ndani ya teksi Purity alivua viatu vya baridi akavaa ndala, akajifunga leso aliyoitoa kwenye begi, akajitazama kwenye kioo kidogo na kujipangusa uso. Alisema hataki mama amwone amechakaa hivi. Kutoka Changamwe hadi Mwakirunge siku ile walitumia saa moja na dakika ishirini, na kila mzunguko wa gurudumu Changawa alijiambia kwamba akifika pale kwenye daraja atasema, akifika pale Kisauni atasema, wakiacha lami atasema. Hakusema. Mikono yake ilikuwa bado na udongo kwenye kucha, akaikalia.

Teksi iliposimama vijana walikuwa wakikunja hema. Purity alishuka haraka, kisha akapunguza mwendo, kisha akasimama. Kilichokuwa mbele yake kilikuwa tuta la udongo mwekundu lenye maua juu yake. Hakupiga yowe. Alitazama tuta, akatazama hema, akamtazama Absalom aliyekuwa akimjia amenyoosha mikono yote miwili.

"Mlijua," alimwambia mzee. "Nilituma habari tangu Frankfurt, jana usiku. Mlijua nafika saa nane, na bado mkazika. Saa chache tu, Baba Mkubwa. Mlishindwa kunipa saa chache?"

Mikono ya mzee ilibaki hewani. Umri wake wote hakuwahi kusemeshwa hivyo na mtoto wa ndugu yake, mbele ya watu, na hakujua hata anashtakiwa nini. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba walimngoja. Purity akageuza uso. Ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwepo kwamba binti huyu akiondoka hapa leo hatarudi tena kwenye boma hili, na mzee atakufa bila kujua kosa lake.

Changawa alikuwa nyuma ya teksi. Angeweza kukaa huko. Lakini alijitokeza.

"Hawakujua," alisema. "Uliniambia mimi, nami sikuwaambia. Absalom aliniuliza leo mara mbili. Alikuwa tayari kungoja hata mpaka kesho. Mimi ndiye niliyesema waanze."

Purity aliuliza kwa nini. Changawa alitafuta sababu iliyotosha kuwekwa mbele ya kaburi na hakuipata. Alisema aliona aibu, kwa kuwa alitangaza saa kumi na saba. Likitamkwa hivyo kwa sauti lilikuwa jambo dogo, dogo mno, na watu waliokuwa wakikunja hema walisimama kana kwamba wanangoja sehemu iliyobaki. Absalom hakumkemea. Alimshika Purity begani akamwongoza kwenye tuta, na walipompita Changawa mzee alimkwepa kidogo, kama mtu anavyokwepa dimbwi.

Purity alikaa siku kumi na mbili katika nyumba ya mamake, ukuta kwa ukuta na Changawa. Alifua mapazia, aligawa sufuria, aliwapokea waliokuja kumpa pole. Kila asubuhi alipita mbele ya baraza ya Changawa akienda dukani, na kila asubuhi alimwamkia, maana alilelewa vizuri. Shikamoo, baba. Yeye akajibu marahaba. Alimwambia Kaviha kwamba mtoto angemtukana ingekuwa nafuu. Kaviha alisema nafuu si kitu alichostahili kupewa na mtoto, akaendelea kuchambua mchicha.

Siku ya kuondoka teksi ilikuja saa mbili asubuhi. Purity aliifunga nyumba, akamwachia Kaviha ufunguo, kisha akaja hadi barazani na kuketi, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku zote hizo. Changawa alitaka kuinuka akashindwa kujua ainuke kwa ajili ya nini.

"Nataka kukuuliza kitu," Purity alisema. "Nimewauliza wote. Baba Mkubwa, Mama Kaviha, wanawake wa kanisa. Wote wananiambia alikuwa kama amelala, na najua wanasema hivyo kwa kila maiti. Wewe ulisema kweli pale, ingawa ilikuumiza. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Uso wake ulikuwaje?"

Dereva alikuwa akipanga begi. Changawa alimwona mtoto aliyesafiri kilomita elfu kumi na nne ameinama mbele kidogo, anangoja. Alijua maneno ambayo yangemtosha. Alikuwa ametulia, angeweza kusema, mdomo umefumba vizuri, kile kikovu cha mafuta ya mahamri juu ya nyusi kinaonekana. Angeyabeba mpaka Kalgari na kuyaweka huko maisha yake yote.

"Sikumtazama," alisema. "Nilipita nimeinama, mwanangu. Sikuweza kumtazama."

Purity alivuta leso begani, akasimama, akaenda garini.